Habari za Oscar Slater, Aliyehukumiwa Bila Hatia

Oscar Slater alizaliwa mwaka 1872 katika jimbo la Silesia, ambalo wakati ule lilikuwa katika milki ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, baba yake mwoka mikate, na jina la ukoo wao lilikuwa Leschziner. Alipokuwa kijana hakupenda kuandikwa askari, akaondoka kwao akaenda Uingereza. Jina la Leschziner lilikuwa zito katika vinywa vya Waingereza, kwa hiyo akajiita Slater. Baadaye alijiita majina mengine pia, na desturi hii ilimletea hasara kubwa, kama tutakavyoona.

Haifai kumsifu kuliko alivyostahili. Slater hakuwa na kazi ya kueleweka. Aliishi kwa kucheza kamari na kwa kununua na kuuza vito. Alimwacha mke wake, akakaa na mwanamke mwingine, Mfaransa. Mara alikuwa London, mara New York, mara Glasgow. Majirani hawakumheshimu, na pengine walikuwa na sababu. Lakini mtu aweza kuwa mcheza kamari asiwe mwuaji. Mambo hayo mawili ni mbalimbali, na watu waliomhukumu mwaka 1909 walishindwa kuyatenga.

Mwishoni mwa mwaka 1908 Slater alikuwa amepanga nyumba mjini Glasgow, katika nchi ya Uskoti. Si mbali na hapo, katika njia iitwayo West Princes Street, alikaa bibi mmoja mzee, jina lake Marion Gilchrist, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Bibi huyo alikuwa tajiri, naye alipenda sana vito vya almasi, akivificha kabatini katikati ya nguo zake. Kwa ajili ya vito hivyo aliogopa wezi mchana na usiku. Mlango wake aliufunga kwa kufuli mbili, na alikuwa amepatana na jirani zake waliokaa chini ya nyumba yake, kwamba akigonga sakafu waje upesi kumsaidia.

Siku ya tarehe 21 Desemba, yapata saa moja usiku, mtumishi wake Helen Lambie, msichana wa miaka 21, alitoka kwenda kununua gazeti. Alikawia kadiri ya dakika kumi tu. Katika dakika hizo jirani wa chini, Bwana Arthur Adams, alisikia kishindo juu yake, akapanda ngazi kwa haraka hata akasahau kuvaa miwani yake. Akapiga kengele ya mlango, asijibiwe. Alipokuwa pale Helen akarudi na ufunguo, akafungua. Mara akatokea mtu ndani ya nyumba, amevaa vizuri kama muungwana, akapita mbele yao polepole, na alipofika ngazini akashuka mbio kama mshale. Wakaingia, wakamkuta bibi mzee amelala karibu na moto, kichwa chake kimepondwa kwa mapigo mengi. Sanduku la karatasi zake lilikuwa limevunjwa, na karatasi zimetupwa huku na huku. Katika vito vyake vyote kilipotea kimoja tu, pambo la kifuani la almasi lenye umbo la mwezi mwandamo.

Tazama jambo moja la ajabu. Mlango haukuvunjwa, maana yake bibi mwenyewe, aliyeogopa watu hivyo, alimfungulia yule mtu. Na Helen alipomwona mwanamume akitoka ndani ya nyumba ya bibi yake, hakupiga kelele wala hakumwuliza neno. Alikwenda kwanza jikoni. Watu wengi wamejiuliza sababu yake tangu siku ile.

Shahidi wa tatu alikuwa Mary Barrowman, msichana wa miaka 14, aliyesema kwamba alikuwa akipita njiani, na mtu mmoja aliyekimbia kutoka katika nyumba ile akamkumba. Basi mashahidi walioonana na yule mtu karibu ni hawa watatu: mmoja hakuvaa miwani, mmoja alimwona kwa nukta chache, na mmoja alimwona katika giza la usiku wa baridi kwa nuru ya taa za njiani.

Maneno yao hayakupatana. Helen alisema yule mtu alivaa koti la kijivu. Mary alisema lilikuwa koti la mvua la rangi hafifu. Kofia aliyoitaja mmoja siyo aliyoitaja mwenzake. Mary alidai ameona kwamba pua ya mtu yule imepinda. Helen aliwaambia polisi kwamba uso wake hakuuona vema, hata hawezi kumtambua. Polisi wenyewe walidhani kwanza kwamba wanatafuta watu wawili. Lakini siku zilipopita, yale makoti mawili yakawa koti moja, na wale watu wawili wakawa mtu mmoja. Ni vigumu kueleza jambo hili lilitokea siku gani. Liliingia kidogo kidogo, kama maji yaingiavyo katika mashua yenye ufa.

Siku ya Krismasi polisi walipata habari kwamba Mjerumani mmoja aitwaye Oscar alikuwa akijaribu kuuza cheti cha rehani cha pambo la almasi, lenye umbo la mwezi mwandamo. Walipokwenda nyumbani kwake walikuta amekwisha ondoka. Tarehe 26 Desemba alipanda merikebu kubwa ya Lusitania huko Liverpool, aende New York, naye alikuwa ameandikisha jina jingine, Otto Sando. Kila mtu akasema kwamba mwuaji amepatikana.

Lakini polisi walilichunguza lile pambo, wakaona kwamba limewekwa rehani tarehe 18 Novemba, yaani zaidi ya mwezi mmoja kabla ya bibi kuuawa. Tena lilikuwa na safu tatu za almasi, na lile la Bibi Gilchrist lilikuwa na safu moja tu. Halikuwa lake kabisa. Hilo pambo ndilo lililowaongoza polisi kwa Slater. Halikuwako neno jingine. Uzi ule ulipokatika ingalipasa waache kumfuata, wakaanze upya. Hawakuacha. Merikebu ilipofika New York mwanzo wa mwaka 1909, Slater alikamatwa.

Helen, Mary na Bwana Adams wakapelekwa Marekani ili wamtazame. Wale wasichana wawili walisafiri baharini katika chumba kimoja siku nyingi, nao waliapa kwamba hawakuzungumza kamwe juu ya jambo lile. Kuamini au kutoamini, msomaji, ni juu yako. Kabla ya kumwona Slater, Mary na Bwana Adams walionyeshwa picha zake. Kisha waliwekwa katika njia ya ndani ya nyumba ya mahakama, na Slater akapitishwa mbele yao katikati ya maofisa wa serikali. Mtoto mdogo angalijua ni nani mfungwa. Helen alisema anamtambua kwa mwendo wake; Mary alisema anafanana sana na yule mtu; Bwana Adams, aliyekuwa mwangalifu kuliko wote, alisema kwamba anafanana naye, wala hakutaka kusema zaidi.

Mawakili wa Slater waliona kwamba yuko njia ya kubaki Marekani. Yeye akakataa, akasema atarudi kwa hiari yake, kwa kuwa hana hatia, naye anaiamini haki ya Uskoti. Mtu aliyeua asingalifanya hivyo kwa urahisi. Alipofika Glasgow akapangwa katika mstari pamoja na Waskoti, ambao sura zao hazikufanana na yake hata kidogo, na watu wengine zaidi ya 10 wakaja kumwonyesha kuwa ndiye waliyemwona akizungukazunguka karibu na nyumba ya bibi siku za nyuma. Wengi wao walikwisha iona picha yake katika magazeti.

Kesi ilisikizwa mjini Edinburgh kuanzia tarehe 3 Mei mwaka 1909, ikachukua siku nne. Hapa yafaa tueleze desturi ya mahakama ya huko. Jaji huongoza kesi na kufafanua sheria, lakini wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia au hana ni watu wa kawaida wa mji, wauza duka, makarani na mafundi, walioitwa kuisikiliza kesi. Nao huitwa juri. Wazee wa baraza waliokaa na majaji katika Afrika ya Mashariki walitoa shauri tu, na jaji aliweza kulikataa. Juri sivyo, neno lake ndilo linalokata. Katika Uskoti juri walikuwa watu 15, na katika Uingereza walikuwa 12. Kwa Waingereza wakati ule ilipasa wote 12 wapatane, lakini kwa Waskoti watu 8 kati ya 15 walitosha. Tena juri ya Uskoti ilikuwa na maneno matatu ya kuchagua: kwamba mtu ana hatia, kwamba hana hatia, au kwamba hatia yake haikuthibitishwa. Kwa neno la pili na la tatu mshtakiwa aliachiliwa.

Watu hao 15 waliwasikia mashahidi. Helen, ambaye zamani hakuuona uso wa yule mtu, sasa alisema aliuona. Mary, ambaye zamani alisema Slater anafanana naye, sasa alisema ndiye. Kila mara walipoulizwa, mashaka yao yalipungua, ingawa hawakuwa wameona kitu kipya. Na watu waliowasikiliza walidhani uhakika ule umetokana na macho. Upande wa pili, yule mwanamke Mfaransa na mtumishi wake walisema kwamba saa ile Slater alikuwa nyumbani akila chakula cha jioni. Hao hawakuaminiwa, kwa sababu ya nyumba waliyotoka.

Wengine hawakusikiwa kabisa. Daktari wa kwanza kufika penye maiti aliona kwamba bibi alipigwa kwa kiti kilichokuwapo pale, wala hakuitwa mahakamani. Juri walionyeshwa nyundo ndogo iliyokutwa katika mizigo ya Slater. Muuza duka mmoja, aliyemfahamu Slater vizuri, aliwaambia polisi kwamba alimwona usiku ule, yapata saa mbili na robo, amesimama mlangoni pake kwa utulivu. Naye hakuitwa.

Mwanasheria mkuu wa serikali akasimama akasema karibu saa mbili, bila karatasi mkononi. Alikuwa msemaji hodari. Alisema kwamba Slater alikimbia Glasgow kwa kuwa jina lake limetangazwa katika magazeti. Na hayo hayakuwa kweli, maana jina lake lilitangazwa baada ya yeye kuondoka. Aliahidi kueleza jinsi Slater alivyopata habari za vito vya bibi, asieleze. Mbele ya yote aliyataja maisha yake mabaya. Kisha jaji, aliyepaswa kuwaonya juri wayaweke kando mambo hayo, aliwaambia kwamba mtu wa namna ile hawezi kudaiwa kuwa mwema kabla ya kuthibitishwa hatia kama mtu mwingine awezavyo. Maneno hayo yalimwangamiza Slater kuliko shahidi yeyote.

Juri wakatoka kushauriana. Walikaa dakika 70, wakarudi. Watu 9 walisema ana hatia, 5 walisema haikuthibitishwa, mmoja alisema hana hatia. Fikiri hesabu hii. Watu 6 kati ya 15, waliosikia maneno yale yale katika chumba kile kile, walikuwa na mashaka. Na kama 2 tu katika wale 9 wangaligeuka, Slater angalikwenda nyumbani kwake. Badala yake alihukumiwa kunyongwa tarehe 27 Mei. Alilia kwa sauti mahakamani, kwa Kiingereza chake kibovu, kwamba hajui neno lolote la jambo hili.

Wakili wake na kiongozi wa dini wa Wayahudi wa Glasgow wakaandika maombi, wakayazungusha mjini, na watu zaidi ya 20,000 wakatia sahihi. Zilipobaki siku mbili hukumu ikageuzwa, akapewa kifungo cha maisha. Serikali haikutoa sababu. Kama ana hatia, kwa nini asinyongwe? Na kama hana, kwa nini afungwe? Maswali hayo yalibaki bila jibu miaka mingi.

Alipelekwa gereza la Peterhead, kaskazini ya Uskoti, penye upepo mkali wa bahari, akawa mfungwa namba 1992. Kazi yake ilikuwa kuvunja mawe.

Mtu wa kwanza mwenye sifa kumtetea alikuwa Sir Arthur Conan Doyle, yule aliyeandika hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Mwaka 1912 alitoa kitabu kidogo juu ya kesi hii. Doyle hakumpenda Slater, wala hakuyaficha maoni yake juu ya maisha yake. Lakini alikaa na maandiko ya kesi, akayaweka maneno ya mashahidi kando kwa kando, ya kwanza na ya mwisho, akaonyesha jinsi yalivyobadilika.

Wa pili alikuwa askari mpelelezi wa Glasgow, John Trench, mtu mwenye nishani. Yeye alijua kwamba katika majalada ya polisi yamo mambo ambayo juri hawakuambiwa. Alisema kwamba usiku ule ule wa mauaji Helen alitaja jina la mtu mwingine, anayejulikana katika nyumba ile. Mwaka 1914 serikali ikafanya uchunguzi kwa siri, bila kuwaapisha mashahidi. Helen akakana, na uchunguzi ukaisha bure. Trench akafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata akashtakiwa yeye mwenyewe kwa habari ya mali iliyoibwa. Jaji alipoisikia kesi akawaagiza juri wamwachilie. Akaenda vitani akiwa askari, akafa mwaka 1919. Hakuona mwisho wa jambo lililomgharimu riziki yake.

Slater akaendelea kuvunja mawe. Mwaka 1925 mfungwa mmoja, aliyekuwa akimaliza kifungo chake, alitoka Peterhead na kikaratasi kidogo alichokificha kinywani. Kilikuwa ujumbe wa Slater kwa Doyle, kumwomba asimsahau. Doyle, aliyekuwa sasa mzee, akaanza tena kuandika na kuwasumbua wakubwa. Mwaka 1927 mwandishi William Park akatoa kitabu kingine, na magazeti yakaitangaza habari. Mary Barrowman, mtu mzima sasa, alisema kwamba zamani alitaka kusema Slater anafanana tu na yule mtu, lakini alisukumwa kusema ndiye. Tarehe 14 Novemba mwaka ule Slater akafunguliwa. Aliingia gerezani ana miaka 37. Alitoka ana 55. Yule kiongozi wa dini aliyemwandikia maombi mwaka 1909 ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake.

Kufunguliwa siyo kutakaswa. Hapo zamani hapakuwa na mahakama ya rufani ya kesi za namna hii katika Uskoti. Iliundwa mwaka 1926, na ikabidi sheria nyingine ipitishwe ili kesi ya Slater, iliyokuwa ya zamani, iweze kusikizwa. Mwezi wa Julai mwaka 1928 majaji watano wakaifuta hukumu yake. Hawakusema kwamba mashahidi walikosa, wala hawakusema kwamba juri walikuwa wapumbavu. Walisema kwamba jaji wa kwanza aliwaongoza vibaya alipozungumza juu ya maisha ya mshtakiwa. Slater alisikitika, maana alitamani watangaze waziwazi kwamba hakuua.

Serikali ikampa pauni 6,000. Doyle na wengine walikuwa wametoa fedha zao kwa ajili ya rufani, nao walitazamia kwamba Slater atawarudishia. Akakataa, akisema gharama zile ni za serikali. Wakagombana vikali katika magazeti, na Doyle alikufa mwaka 1930 bila wawili hao kupatana. Ndivyo ilivyokuwa, yule aliyeteswa bure hakuwa mtu mwepesi wa kupendwa, kabla ya gereza wala baada yake.

Slater akahamia mji wa Ayr, kando ya bahari, akaoa tena mwaka 1936, akakaa kwa utulivu, akitengeneza na kuuza vyombo vya kale. Dada zake wawili waliobaki Ujerumani waliuawa wakati wa utawala wa Hitler, pamoja na Wayahudi wengine wengi. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1948. Hakuna mtu mwingine aliyepelekwa mahakamani kwa ajili ya kifo cha Bibi Gilchrist, na lile pambo lenye safu moja ya almasi halikuonekana tena.